SAFARI NA MATEMBEZI: Kabla ya Kushuka Katika Korongo la Hell's Gate

Kila likizo inapokaribia, vyama vya makarani, kwaya za makanisa na shule nyingi huanza kukusanya changizo kwa ajili ya safari ya Naivasha, na wengi wao huwa na nia moja tu: kushuka katika korongo la Hell's Gate, ambalo Wamasai hulijua kwa jina la Ol Njorowa. Hapana ajabu. Mahali penyewe ni kama kilomita 90 tu kutoka Nairobi, na asiye na motokaa aweza kufika kwa matatu hadi mjini Naivasha, kisha kwa nyingine ifuatayo barabara ya kusini ya ziwa mpaka njia panda ya lango la Elsa. Tena hifadhi hii, iliyotengwa mwaka 1984, ni mojawapo ya zile chache ambamo raia aruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli kati ya pundamilia na twiga, bila kufungiwa ndani ya gari.

Walakini wako wanaofika langoni wakaambiwa ya kwamba korongo limefungwa kwa sababu ya mvua. Hapo hasira huwaka. Watu wameamka saa tisa ya usiku, watoto wamevaa viatu vipya, mpishi amebeba sufuria za pilau, na askari wa wanyama aliyesimama mbele yao anaonyesha mbingu isiyo na wingu hata moja, akisema hapana ruhusa. Wengine humdhania kuwa ataka chai. Wengine humtafuta kijana wa kuwapitisha kwa njia ya nyuma. Ni kwa ajili ya watu hao, na zaidi kwa ajili ya yule aliyekabidhiwa kazi ya kupanga safari yao, kwamba habari hizi zafaa kuelezwa kwa urefu kidogo.

Kwanza, korongo hili ni kitu gani? Si bonde la kawaida. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa la Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko lilivyo sasa, na maji yake yalipofurika yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini. Njia hiyo ndiyo iliyochimba mwamba, na ndiyo inayotazamwa leo na watalii. Ziwa lilipopungua, maji yake yaliacha kupita hapo. Siku hizi hakuna mto wowote utokao katika ziwa hilo juu ya ardhi. Lakini mfereji ulibaki. Kila mvua kubwa inyeshapo juu ya miteremko inayolizunguka korongo, maji hukumbuka njia ile ya zamani. Siku nyingine zote anayepita humo hukuta kijito chembamba tu, ambacho mtoto akiruka hukivuka, pamoja na chemchemi za maji ya moto zinazochuruzika katika kuta za mawe.

Wembamba wa kijito hicho ndio udanganyao watu. Mkulima yeyote aliyepata kulima penye mteremko ajua jinsi mvua ya kwanza baada ya kiangazi isivyozama ardhini. Udongo umekauka na kushikamana juu, kwa hiyo maji hutiririka yote kwa pamoja, yakichukua mbegu, samadi na hata kingo za matuta. Sasa na afikiri shamba lenye ukubwa wa vilima vingi, lenye majivu ya volkano badala ya udongo mwekundu, ambalo mitaro yake yote yaelekea mfereji mmoja. Na mfereji huo, mahali pengine, ni mwembamba hivi kwamba mtu akinyosha mikono miwili agusa kuta za pande zote mbili. Maji ambayo huko juu yalienea kama mkeka hayana nafasi ya kuenea hapa, hupanda juu. Inasemwa na watu wenye ujuzi wa mafuriko kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 huchukua motokaa. Ndani ya korongo kina hicho hupitwa kwa muda mfupi sana, wala maji hayo si matupu: yamebeba matope, mawe na magogo.

Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Nairobi kilikuwa humo ndani maji yalipofika. Watu 7 walipoteza maisha. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 maji yalikuja tena, na watu wengine 7 wakachukuliwa, miongoni mwao wakiwamo Wakenya waliokuja kutembea, mgeni mmoja kutoka nchi nyingine, na kiongozi wa njia aliyekuwa akiwaongoza. Baada ya msiba huo wa pili, shirika la kuhifadhi wanyama, yaani KWS, lililifunga korongo.

Tarehe hizo mbili zastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ndani yake mna jambo ambalo wapangaji wengi wa safari hawajalitia moyoni. Aprili ni katikati ya masika. Mtu aweza kusema, "Basi, tusiende mwezi wa Machi mpaka Mei, wala Oktoba mpaka Desemba wakati wa vuli, miezi iliyobaki ni salama." Ni maneno ya busara, na yafaa kuwa hatua ya kwanza ya mpango wowote. Lakini msiba wa 2019 ulitokea siku ya kwanza ya Septemba, ambayo katika kalenda ya kawaida haimo katika masika wala katika vuli. Aliyetegemea kalenda peke yake siku ile alikuwa na haki yote ya kushuka.

Kwa hiyo majira ya kufungwa si kama majira ya kufunga shule, ambayo hutangazwa mwanzo wa mwaka na kuandikwa ukutani. Hubadilika kwa neno la askari aliye zamu, kulingana na mvua iliyonyesha jana usiku mahali ambapo msafiri hakupaona na pengine hata jina lake halijui. Jua laweza kuwa linawaka juu ya korongo huku maji yakiwa njiani. Na hilo ndilo jibu la yule anayemwonyesha askari mbingu safi: mbingu ya langoni si shahidi wa kutosha.

Liko na jambo jingine la kusikitisha kidogo. Likizo zetu nyingi zimeangukia ndani ya mvua. Pasaka na likizo ya shule ya Aprili zimo katika masika. Mapumziko ya mwisho wa mwaka huanza vuli ikiwa bado haijakoma. Siku ambazo karani ana ruhusa ya kutoka ofisini na mtoto ana ruhusa ya kutoka shuleni ndizo siku ambazo korongo lina haki zaidi ya kufungwa. Anayeweza kuchagua na achague Januari au Februari, au Julai na Agosti, hata ikiwa itamlazimu kuomba siku moja ya ruhusa katikati ya juma. Nafuu nyingine ni kwamba siku za juma watu huwa wachache, na baiskeli za kukodi si haba.

Tuseme chama cha akiba cha makarani 30 kimeazimia kwenda. Kazi kubwa ya safari hiyo haifanyiki Naivasha. Yafanyika katika mkutano, majuma matatu kabla. Katibu hupenda kujadili nauli, chakula, na kama vinywaji vitakuwa vya baridi. Neno moja husahauliwa karibu kila mara, nalo ni hili: ni nani aliye na mamlaka ya kusema "turudi"? Jambo hili lisiachwe mpaka siku yenyewe. Watu waliotoa fedha zao kwa miezi minne hawapendi kuambiwa turudi, na mtu mmoja mpole, akisimama mbele ya watu 29 wenye shauku, hushindwa upesi. Yafaa mkutano umtaje mtu huyo kwa jina katika kumbukumbu, na wote wakubali mapema kwamba neno lake halitapigiwa kura. Afadhali awe mtu asiyejali sana kupendwa. Mweka hazina mara nyingi hufaa.

Mkutano huo huo uandike mpango wa pili, yaani watu watafanya nini korongo likiwa limefungwa. Chama chenye mpango wa pili hurudi nyuma bila ugomvi. Kisicho nao huanza kumtafuta yule kijana wa njia ya nyuma.

Juu ya fedha, ada ya hifadhi siku hizi hulipwa kwa njia ya eCitizen, si kwa fedha taslimu langoni. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, basi katibu asiandike bajeti kwa kutumia risiti ya mwaka juzi. Na kwa kuwa malipo hufanywa kwa simu, hakuna haja ya kuyalipa siku nyingi mbele. Yatosha kulipa asubuhi ile ile, habari za mvua zikiwa zimekwisha kujulikana. Ada ya hifadhi ni jambo moja na ujira wa kiongozi wa njia ni jambo jingine, nao kila mmoja una fungu lake katika bajeti.

Siku mbili kabla ya kuondoka, taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa isomwe, si ya Nairobi bali ya Bonde la Ufa. Siku ya kuamkia safari, na hata asubuhi ile, apigiwe mtu aliyeko Naivasha, mwenyeji wa kweli, aulizwe swali fupi: mvua ilinyesha usiku? Kisha langoni, kabla ya mtu yeyote kukodi baiskeli, askari aulizwe maswali mawili. La kwanza, korongo li wazi leo? La pili, ambalo wengi hawaliulizi, lilikuwa wazi jana? Askari asemapo kwamba lilifungwa jana na leo limefunguliwa, msafiri mwenye akili huelewa ya kwamba ardhi imekwisha kushiba maji, na mvua ndogo itakayonyesha saa nane haitapata pa kuzama.

Kutoka lango la Elsa mpaka mahali pa kushukia ni mwendo wa kilomita 7 hivi. Baiskeli ichunguzwe breki kabla ya fedha kutolewa. Zile za kukodi zimebeba watu wa kila uzani. Njiani nyati wapo. Watu wakae kwa kundi wala wasimsogelee kwa ajili ya picha. Ni vizuri kufika mapema asubuhi, kwani mvua za Bonde la Ufa mara nyingi hupenda kunyesha baada ya adhuhuri, na kundi lililoingia saa tatu ya asubuhi laweza kuwa limekwisha kutoka kabla ya mawingu kuanza kukusanyika.

Mahali pa kushukia wapo viongozi wa njia, wengi wao vijana wa Kimasai wa jirani. Mmoja aajiriwe, hata kama kikundi kina mtu aliyekwisha kufika mara tano. Lakini msiba wa 2019 ulimchukua kiongozi pamoja na wageni wake. Kwa hiyo kumlipa kiongozi si kununua usalama. Ni kununua macho ya mtu azijuaye njia za kupandia juu. Na swali la kwanza la kumwuliza, kabla hajaanza kueleza sinema zilizopigwa hapo, ni hili: katika njia tutakayopita, ni wapi mtu aweza kupanda na kutoka, na ni wapi hawezi? Yeye ataonyesha. Mahali pengine kuta zimesimama wima, laini, zilizosuguliwa na maji, wala hapana pa kushika. Sehemu hizo zipitwe bila kusimama. Chakula kisiliwe humo, wala picha ya kikundi isipigwe humo, ijapokuwa ndizo sehemu zenye uzuri kupita zote.

Wazee wenye magoti mabovu, watoto wadogo sana, na mama mwenye mtoto mgongoni, hao na wabaki juu. Si dharau. Mahali pengine hushukwa kwa kushikilia mwamba na kutafuta pa kutia kidole cha mguu, na yule asiyeweza kupanda upesi atawachelewesha wote waliompenda kiasi cha kutomwacha. Maji ya chemchemi yasiguswe bila kumwuliza kiongozi, kwani mengine hubabua. Simu ya mkononi isitegemewe huko chini kati ya kuta.

Na dalili? Kijito kilichokuwa safi kikigeuka rangi na kuwa cha tope. Majani na vijiti vikianza kuelea mahali ambapo dakika chache zilizopita havikuwapo. Sauti ya ngurumo ambayo haikomi kama radi ikomavyo. Moja tu ya hizo yatosha. Watu wapande juu mahali palipo karibu, si kukimbia kuelekea mlangoni walikoingilia, maana maji hukimbia kuliko mtu. Viatu, mikoba na simu zilizoanguka ziachwe. Wakifika juu wakae huko mpaka waambiwe na askari.

Wako wasemao kwamba hofu hii imezidi, na kwamba mashirika ya serikali hupenda kufunga kuliko kufungua. Huenda iko kweli kidogo katika neno hilo kwa habari ya mambo mengine. Kwa habari ya maji ya Bonde la Ufa, haimo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, mwendo mfupi kutoka hapo, maji yaliyozuiliwa na takataka na udongo chini ya tuta la reli yalipasua njia, yakawakuta watu vitandani mwao na kuua makumi. Wale hawakuwa watalii, wala hawakuwa na askari wa kuwaambia wasipite. Msafiri wa korongo anaye.

Pengine itamfariji anayerudishwa kujua ya kwamba hakuwa wa kwanza. Mwaka 1883 Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani, alifika sehemu hizi akiwa na nia ya kuendelea mbele, Wamasai wakamzuia, akageuka akarudi pwani. Jina lake limebaki juu ya nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 25 hivi, isimamayo karibu na lango la Elsa. Wenyeji wana habari nyingine juu ya nguzo hiyo: husimuliwa kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akageuka kutazama kwao ingawa alikatazwa, akawa jiwe. Msomaji achague habari aipendayo.

Nguzo hiyo ndiyo mwanzo mzuri wa mpango wa pili. Pimbi huota jua penye miamba, na vijana wenye kamba na ujuzi huipanda. Kutoka hapo barabara yapita katikati ya magenge mekundu marefu, ambamo tumbusi wa Rüppell hufanya viota vyao. Mwenye darubini aweza kukaa saa nzima asichoke. Pofu, kongoni, swala na ngiri hula majani pande zote mbili za njia. Mbele zaidi mvuke waonekana ukipanda angani kutoka Olkaria, ambako umeme ulianza kutolewa katika joto la ardhi mwaka 1981, na mwalimu aliyeleta wanafunzi atapata hapo somo zima la jiografia bila kushuka hatua moja. Juu ya magenge viko viwanja vya kupigia kambi, Ol Dubai na Naiburta, ambavyo kutoka huko bonde lote huonekana. Pilau ililiwa huko haina kasoro.

Korongo lenyewe laweza kutazamwa kutoka ukingoni, askari akiruhusu. Siku ya mvua, aliyeko juu huona kile ambacho aliyeko chini hapati nafasi ya kukisimulia: kijito cha kuruka kwa mguu mmoja kimejaza mwamba ukuta hata ukuta, rangi ya chai ya maziwa, kikisukuma mawe. Kisha baiskeli zirudishwe mapema, maana lango hufungwa saa kumi na mbili ya jioni, na matatu za kurudi mjini kwa saa hiyo huwa zimejaa.